Brassinne alikuwa shahidi wa nani?

Kama unaishi kartye Lumumba hapa Bunia, jina hilo unalitaja kila siku bila kuwaza. Unamwambia motari «Lumumba», mnasikilizana bei, unapanda, basi. Ni adresi. Ila kuna vijana wa kartye hii hii walioamua kuandika memware juu ya mtu mwenyewe, na hapo ndo mambo yanaanza kuwa magumu.

Mmoja wao, msichana wa historia mwaka wa mwisho, aliniletea sura yake ya pili niisome. Anaeleza usiku wa tarehe 17 Januari 1961, na karibu kila ukurasa anamtaja Mbelgiji mmoja, Jacques Brassinne. Pembeni, kwa bik nyekundu, profesa wake ameandika: «Huyu ni chanzo ao ni mshitakiwa?» Dada yetu alitaka jibu fupi tu: amtoe ao amwache?

Siku hiyo nilimjibu mbio mbio. Hapa ninajibu kwa utulivu, juu najua si yeye peke yake. Sisi tunaosoma historia, sheria ao siasa, tutakutana na Brassinne tukitaka tusitake. Huwezi kueleza kifo cha Lumumba saa kwa saa bila kupita mikononi mwake. Na mikono hiyo, wasomi wamebishana zaidi ya miaka 25 kama ni safi.

Tuanze na usiku wenyewe, haraka, juu wengi mnaujua. Lumumba alikuwa waziri mkuu tangu Juni 1960. Mwanzoni mwa Septemba Rais Kasa-Vubu anamfukuza. Tarehe 14 mwezi huo Kanali Mobutu anatwaa mamlaka. Lumumba anabaki amefungiwa nyumbani kwake Léopoldville, askari wa ONU wakimlinda, na askari wa Mobutu wakiwazunguka wote. Usiku wa tarehe 27 Novemba anatoroka. Alikuwa anaenda wapi? Upande wetu. Alikuwa anaenda Stanleyville, Kisangani ya leo, makao makuu ya jimbo ambalo Bunia ilikuwa ndani yake, mji ambamo aliwahi kufanya kazi ya posta na ambamo watu wake walikuwa wanamngoja. Walimkamata Lodi, kwenye mto Sankuru, mwanzoni mwa Disemba. Alikuwa ameshavuka. Alirudi juu mke wake Pauline na mtoto wao mdogo Roland walikuwa wamebaki ng'ambo. Kila nikifika hapo katika vitabu, mimi ninafunga kitabu kidogo kwanza.

Akapelekwa kambi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Tarehe 17 Januari 1961 wanamtoa yeye na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wanawapandisha ndege kwenda Elisabethville, mji mkuu wa Katanga ya Moïse Tshombe iliyokuwa imejitenga. Wanapigwa ndani ya ndege njia nzima. Ndege inatua Luano karibu saa kumi na moja jioni. Wanapelekwa kwenye nyumba ya Mbelgiji mmoja aliyeitwa Brouwez, wanapigwa tena, mawaziri wa Katanga wanakuja kuwaangalia. Usiku huo huo wanapelekwa porini, karibu kilomita 50 kutoka mjini, na kupigwa risasi mmoja mmoja, Lumumba wa mwisho. Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwepo. Aliyeongoza askari alikuwa Kapiteni Julien Gat, Mbelgiji. Aliyewasindikiza wafungwa mpaka kwenye shimo alikuwa komisera wa polisi Frans Verscheure, Mbelgiji vilevile.

Tangu ndege kutua mpaka kifo, saa tano hazikutimia. Tushike hiyo hesabu, tutairudia.

Kisha ukaja uongo wa serikali. Tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, akatangaza kwamba wafungwa watatu walitoroka na kwamba wanakijiji waliwaua. Kijiji gani? Akakataa kukitaja. Kwa wakati huo Gerard Soete, afisa wa polisi wa Kibelgiji, alikuwa amekwisha kufukua miili akiwa na msaidizi, akaikata na kuiyeyusha kwa asidi.

Kwa hiyo hakuna maiti. Hakuna kaburi, hakuna ripoti ya daktari, hakuna risasi iliyowekwa kwenye dosye ya mwendesha mashitaka. Karibu yote tunayoyajua juu ya saa zile tano yametoka kwenye midomo ya watu waliokuwepo na kwenye karatasi walizozificha nyumbani kwao. Na mtu aliyekwenda kuigonga milango ya nyumba hizo, mmoja mmoja, kwa miaka mingi, ni Jacques Brassinne.

Huyu hakuwa mwanahistoria aliyetoka mbali. Mwaka 1960 alikuwa afisa kijana wa Ubelgiji, na Januari 1961 alikuwa Elisabethville kwenyewe. Alifanya kazi katika lile kundi la Wabelgiji lililowashauri Tshombe na mawaziri wake. Mwanzo liliitwa Misheni ya Ufundi ya Ubelgiji, kwa kifupi Mistebel. Baadaye likawa Ofisi ya Ushauri chini ya Profesa René Clemens, yule aliyeandika katiba ya Katanga. Tunazoea kusema «washauri» kana kwamba walikuwa wanakaa pembeni na kutoa mawazo. Ukisoma jinsi Katanga ilivyoendeshwa miezi ile, utaona Wabelgiji wamo kwenye jeshi, kwenye polisi, kwenye usalama, kwenye makabineti ya mawaziri. Mtu wa kwanza kuiongoza Mistebel alikuwa Harold d'Aspremont Lynden, ambaye Septemba 1960 akawa waziri wa mambo ya Afrika kule Bruxelles. Ndiye aliyetia sahihi telegramu ya tarehe 6 Oktoba 1960 iliyosema lengo ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Na ndiye ambaye tarehe 16 Januari 1961, siku moja kabla ya ndege, alituma ujumbe kumsukuma Tshombe ampokee Lumumba.

Kumbe shahidi wetu alikuwa mfanyakazi mdogo katika nyumba ambayo bwana wake anatajwa kwenye dosye.

Miaka thelathini baadaye Brassinne anatokea na teze ya udaktari katika Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles, na mwaka 1991 anatoa kitabu pamoja na mwandishi wa habari Jean Kestergat, chenye kichwa kinachouliza ni nani aliyemuua Patrice Lumumba. Jibu lake, nikilifupisha: viongozi wa Léopoldville ndio waliomtuma Lumumba kwenye kifo, viongozi wa Katanga ndio walioamua auawe, na Wabelgiji waliokuwepo porini walikuwa watekelezaji tu, watu wanaotii serikali ya Katanga iliyokuwa inawalipa. Serikali ya Ubelgiji? Haimo. Kwa maneno yetu ya hapa kijiweni: ni mambo ya Waafrika wenyewe kwa wenyewe, Mzungu alikuwa anashika bunduki tu.

Ukisikia hivyo unataka kutupa kitabu. Ngoja kwanza.

Jiulize: Verscheure, mtu aliyewafikisha wale watatu kwenye shimo, angemfungulia nani mlango wake? Mwanahabari wa Kinshasa? Mtoto wa Lumumba? Jaji? Alizungumza na Brassinne juu Brassinne alikuwa wa kwao. Walikuwa mji mmoja, miezi ile ile, wakitumikia kazi ile ile. Hakuwa anakuja kuwahukumu, na wao walijua. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wabelgiji wengine wengi wa Elisabethville, na hata kwa Wakongomani kadhaa waliokuwa na sababu zote za kunyamaza. Undugu ule ule unaotufanya tumshuku ndio uliomwezesha kukusanya ushuhuda ambao leo hakuna mtu mwingine angeweza kuupata, juu waliousema wamekufa.

Kwa hiyo swali la profesa, pamoja na heshima yangu kwake, limegawanywa vibaya. Brassinne ni chanzo na ni mtu wa upande mmoja, kwa sababu moja na ile ile. Ukimfuta kwa kosa la kuwa wa kwao, unafuta pia vile walivyomwambia watu wa kwao.

Chukua mfano mmoja. Verscheure alikuwa na ajenda yake ya mwaka 1961. Kwenye tarehe 17 Januari kuna mstari mfupi wa Kiflamanda: saa tatu na dakika 43 usiku, L. amekufa. Basi, hakuna kingine. Mstari huo umeingia katika historia kupitia kazi ya Brassinne, na hakuna mtu, rafiki ao adui yake, anayedai kwamba aliubuni. Kwa nini tunauamini? Juu hauna faida kwa yeyote wa upande wao. Unamweka polisi wa Kibelgiji mahali pa mauaji, na saa mkononi. Kama Brassinne alikuwa na nia ya kuficha kila kitu, angeuacha mstari huo ulale kwenye droo.

Lakini sasa hamia kwenye neno «watekelezaji». Hilo Verscheure hakuliandika kwenye ajenda. Ni tafsiri. Limejengwa kutoka kwenye maelezo ya watu waliokuwa na haja kubwa ya kuitwa watekelezaji, wakimweleza mtu ambaye naye, kama wao walikuwa zaidi ya watekelezaji, atalazimika kueleza ofisi yake mwenyewe ilikuwa inafanya nini. Hapo ndipo ninaposhika breki.

Turudi kwenye zile saa tano. Ndege imetua mchana kweupe. Askari wa ONU, Waswidi, waliona kwa mbali wafungwa wakishushwa. Gari zinaenda kwa Brouwez, mawaziri wanaingia na kutoka, maafisa wa Kibelgiji wanalinda nyumba. Elisabethville haikuwa Kinshasa ya leo. Mji wa Wazungu ulikuwa mdogo, wanajuana, wanapigiana simu. Katika saa zile Mbelgiji yeyote mwenye cheo angeweza kuinua simu akasema «acheni». Tena wengi walikuwa na mamlaka ya kweli juu ya jeshi na polisi. Sasa, mtu anayehoji wenzake wa zamani ana ugumu gani? Anaweza kuuliza «uliona nini?» mpaka kesho. Kuuliza «na wewe ulimpigia nani simu?» ni kuvunja urafiki. Ukisoma hitimisho la Brassinne, uzito wote uko kwenye nani aliamuru na nani alifyatua. Nani alijua akakaa kimya, hilo halina uzito unaolistahili.

Mwaka 1999 akatokea Mbelgiji mwingine, Ludo De Witte, mwanasosholojia, na kitabu kwa Kiflamanda ambacho mwaka uliofuata kilitoka kwa Kifaransa. De Witte alimshambulia Brassinne bila huruma. Kwake, huyu si shahidi wala mwanasayansi. Ni wakili wa serikali yake aliyevaa koti la daktari. Ila angalia De Witte alitumia silaha gani. Alichimba telegramu za wizara ya mambo ya nje ya Bruxelles, nyaraka za ONU, halafu, kwa wingi, ushuhuda ambao Brassinne mwenyewe aliuambatisha nyuma ya teze yake. Ndiyo. Alichukua maneno ya wale wale mashahidi, akayaweka kando ya telegramu za mawaziri, yakasema kitu kingine. Shahidi alikuwa amebeba mzigo ambao hitimisho lake lilikuwa linaukana.

De Witte naye si malaika, tusidanganyane. Ana msimamo wake wa kushoto na hauufichi, na mahali pengine anasukuma ushahidi kwa nguvu kuliko unavyotaka kwenda. Lakini kitabu chake kilikuwa na matokeo ambayo vitabu vichache vinapata. Bunge la Ubelgiji likaunda tume ya uchunguzi mwaka 2000, ikasaidiwa na wanahistoria wanne. Ripoti yake ikatoka Novemba 2001. Tume haikuona hati inayoonyesha kwamba serikali ya Ubelgiji iliagiza Lumumba auawe. Ila ilisema kwamba serikali hiyo iliunga mkono ahamishiwe Katanga bila kujali usalama wa mwili wake, kwamba fedha za siri zilitumika kupigana naye, na kwamba baadhi ya mawaziri na watu wengine wa Ubelgiji wana dhamana ya kimaadili katika kifo chake. Februari 2002 waziri Louis Michel akaomba radhi kwa jina la Ubelgiji. Neno «kimaadili» bado linawakera wengi, mimi nikiwemo, juu ni neno linalofungua mlango wa kanisa na kufunga wa tribinali. Hata hivyo, kutoka kwenye «Ubelgiji haimo» ya 1991 mpaka hapo, ni njia ndefu.

Sisi wa Ituri somo hili hatukuhitaji kulipata Bruxelles. Tulilipata La Haye. Januari 2009, kesi ya Thomas Lubanga ilipoanza mbele ya CPI, shahidi wa kwanza, kijana aliyedai kuwa mtoto askari, alisema asubuhi kwamba alichukuliwa na kupelekwa kambini. Siku ile ile akageuka, akasema alifundishwa la kusema. Wiki mbili baadaye akarudi, akasimulia tena. Mnakumbuka jinsi mji huu ulivyogawanyika: wengine «amenunuliwa», wengine «ametishwa», na ukitaka kujua mtu atasema lipi ilitosha kuuliza jina la ukoo wake. Majaji walifanya nini? Katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 waliweka pembeni sehemu kubwa ya ushuhuda ulioletwa na wale watu wa kati waliowatafuta mashahidi, lakini kesi haikuanguka. Walikuwa na video, pamoja na ile iliyopigwa kambini Rwampara, hapa hapa jirani, Februari 2003, ambamo watoto wanaonekana. Miezi tisa baadaye, katika kesi ya Bogoro, Mathieu Ngudjolo aliachiliwa juu majaji hawakuwaamini mashahidi wakubwa wa upande wa mashitaka. Na walisema wazi kwamba kumwachilia si kusema hakuna kilichotokea Bogoro.

Ninaweka mambo hayo hapa kwa sababu moja. Hapa kwetu shahidi anapimwa kwa kuuliza «ni wa nani?», na jibu likipatikana, kusikiliza kunaishia hapo. Majaji wa 2012 waliuliza hilo swali, kisha wakaendelea: alichosema kinaungwa mkono na kitu gani ambacho hakikupita mdomoni mwake? Ajenda ya Verscheure ni kama video ya Rwampara. Hitimisho la Brassinne ni kama maelezo ya mtu wa kati.

Sasa sehemu ambayo haitapendeza wote. Tukishamaliza na Brassinne, tuna deni la kuwauliza mashahidi wetu wenyewe kwa ukali ule ule. Katika ndege ile, waliowasindikiza wafungwa kwa jina la Léopoldville walikuwa Wakongomani, Jonas Mukamba na Ferdinand Kazadi. Mukamba baadaye aliongoza MIBA, kampuni kubwa ya almasi ya Kasai. Victor Nendaka aliyekuwa mkuu wa Usalama, Justin Bomboko aliyeshika mambo ya inje, wote waliishi miaka mingi baada ya 1961, na kila mmoja akizungumza alikuwa na mwenzake wa kumsukumia mzigo. Na Mobutu, ambaye askari wake walimkamata na kumfunga Lumumba, ndiye huyo huyo aliyekuja kumtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Utasema huo ni ushuhuda wa aina gani?

Munongo ni habari ya peke yake. Mwaka 1992, katika Kongamano Kuu la Taifa kule Kinshasa, ilitarajiwa kwamba mtu yule aliyetangaza uongo wa kijiji angesimama na kusema ukweli wake juu ya kifo cha Lumumba. Alikufa tarehe 28 Mei, siku ile ile ya kusema, moyo, walisema. Familia za Katanga zina maelezo yao, na Kinshasa ilikuwa na yake. Mimi najua tu kwamba tulibaki na ushuhuda uliokusanywa na Mbelgiji juu Mkongomani aliyekuwepo hakupata saa moja ya kuongea mbele ya wenzake.

Ndiyo maana mtu akiniambia «Brassinne ni mkoloni, mtoe kwenye memware», huwa ninamuuliza tunaweka nini mahali pake. Kuna wenzetu wanaomtumia De Witte kama sabuni: Wazungu walifanya yote, sisi tulikuwa vibaraka, na kibaraka hana kesi. De Witte hakuandika hivyo. Na kuna wengine wanaomshika Brassinne kwa furaha juu anawaondolea Wabelgiji lawama na kuzitupa kwa Katanga, halafu ubishi unakuwa wa majimbo. Wote wawili wameshachagua upande kabla ya kufungua kurasa.

Kwa dada yetu wa historia, na kwa mwingine yeyote mwenye memware ya namna hii, kazi inakuwa hivi. Kila sentensi unayoitoa kwa Brassinne, andika kama ni yake ao ni ya shahidi aliyemhoji. Kama ni ya shahidi, sema huyo shahidi alikuwa kazi gani tarehe 17 Januari na alikuwa na nini cha kupoteza. Kama inamuumiza aliyeisema, ina uzito. Kama inampumzisha, tafuta telegramu, tafuta ripoti ya ONU, tafuta mtu wa upande mwingine. Tume ya 2001 ilichapisha nyaraka nyingi, na ripoti yenyewe inapatikana bure kwenye tovuti ya bunge la Ubelgiji. Kwa mtu wa Bunia mwenye megabaiti za kuhesabu ni dosye nzito. Muishushe mara moja, mgawane kwa fulashi. Halafu «watekelezaji» liweke kati ya alama za kunukuu, kila mara, mpaka jaji aseme vingine.

Mbinu hiyo hiyo inafaa hata kwa Larry Devlin, mkuu wa CIA kule Léopoldville. Mwaka 1975 alitoa ushuhuda mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani akiwa amefichwa chini ya jina la Victor Hedgeman. Alisema kwamba Septemba 1960 aliletewa sumu ya kumuua Lumumba. Hilo linawaumiza wakubwa wake, na nyaraka za CIA zinaliunga mkono. Alisema pia kwamba yeye binafsi hakutaka kuitumia na kwamba aliitupa kwenye mto Kongo. Mto hautoi ushuhuda.

Juni 2011 mambo ya Brassinne yakabadilika sura. François Lumumba, mtoto wa kwanza wa marehemu, alifungua mashitaka Bruxelles dhidi ya Wabelgiji kama kumi waliokuwa bado hai, na Jacques Brassinne alikuwa kwenye orodha. Mtu aliyekuwa amewahoji wengine kwa miaka akawa anatajwa pamoja nao. Disemba 2012 mahakama ya rufaa ya Bruxelles ikakubali uchunguzi ufanyike, juu jambo hilo linaweza kuwa uhalifu wa kivita na halifutwi na miaka. Hapo ndipo bik nyekundu ya profesa inapopata haki yake. Ila hata orodha ya 2011 haibadilishi mstari wa ajenda. Mshitakiwa anaweza kuwa amehifadhi hati ya kweli.

Uchunguzi huo ndio uliozaa jino. Soete alikuwa amekubali mbele ya kamera, muda mfupi kabla hajafa mwaka 2000, kwamba aliiharibu miili na kwamba alibaki na meno. Mwaka 2016 polisi wa Ubelgiji walichukua jino moja kutoka kwa familia yake. Tarehe 20 Juni 2022 walilikabidhi kwa watoto wa Lumumba, likaja inchini, likapita kwao Sankuru, likafika Kisangani alikokuwa anaenda mwaka 1960, likafika Katanga, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Ushahidi pekee wa mwili tulio nao ulitunzwa na mtu aliyeuharibu mwili.

Brassinne alikufa bila kusimama mbele ya tribinali. Juni 2025 mwendesha mashitaka wa shirikisho wa Ubelgiji aliomba Étienne Davignon apelekwe mahakamani kwa sehemu anayotuhumiwa kuwa nayo katika kukamatwa na kuhamishwa kwa Lumumba. Mwaka 1961 alikuwa diplomati kijana. Siku ya ombi hilo alikuwa na miaka 92. Alikana. Katika orodha yote ya 2011, ni yeye tu aliyekuwa amebaki hai.